Gari la Kupandia Soni: Hesabu za Kukarabati Nyumba ya Mama Ukiwa Dar

Nyumba ya mama iko milimani Lushoto, upande wa Soni. Mimi naishi Tabata, Dar es Salaam, na kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake ni kilomita 350 na ushee. Mwaka 2023 paa lilipoanza kumvujia mpaka juu ya kitanda, ndugu tulikaa kikao cha simu tukakubaliana nyumba ikarabatiwe yote: paa, madirisha, choo cha ndani, umeme, maji. Kila mmoja angechanga. Kwa kuwa wenzangu wako Mwanza na Mbeya, kazi ya kusimamia ikaniangukia mimi. Kusimamia maana yake ni kwenda na kurudi, tena na tena, kwa miezi. Hivyo kabla hatujanunua hata msumari, tukawa na suala la gari.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake tayari. Shemeji yangu hakutaka hata kunisikiliza: "Shem, chukua pikapu. Bila pikapu utahangaika na saruji yako." Nikaenda kuulizia. Hilux ya milango minne iliyochoka, namba C (usajili wa zamani), ilikuwa inaitwa milioni 27, na dalali alisema bei inazungumzika kwa sauti ya mtu asiyetaka kuzungumza. Fedha yote tuliyokuwa tumechanga awamu ya kwanza ilikuwa milioni 30. Tungebaki na pikapu nzuri imeegeshwa nje ya nyumba inayovuja.

Kilichotuokoa ni daftari. Nilimpigia fundi wetu wa kule, Msambaa mzee aliyemjengea hata marehemu baba, nikamwomba anitajie kila kitu kitakachohitajika. Kisha nikaligawa karatasi mara mbili: vinavyopatikana kule kule, na vya kutoka Dar. Nawaambia, fanyeni zoezi hili kabla ya kuangalia tangazo lolote la gari. Upande wa kwanza ulijaa kuliko nilivyotegemea. Saruji inatengenezwa Tanga, kwa hiyo kuibeba kutoka Dar ni kuizungusha bure. Mombo na Lushoto mjini ipo madukani. Mchanga, kokoto, matofali ya kuchoma, vyote viko huko. Mbao ndiyo kabisa: Lushoto ina shamba la miti la Shume, la paini na saipresi, na mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita unazikuta kule kwa bei ambayo Buguruni huwezi kuiota. Nondo zina urefu wa mita 12, na hakuna pikapu ya mtu binafsi inayozibeba kwa heshima, ziwe zimekunjwa au hazikukunjwa.

Zilizobaki upande wa Dar zilikuwa bati, vigae, vyombo vya choo, koki, vitasa, waya na swichi, pampu ya maji, rangi. Na watu: fundi umeme na fundi bomba, ambao tuliwataka wale tunaowajua, pamoja na zana zao.

Bati ndizo zilizonisumbua akili mpaka siku nilipokwenda soko la Ilala kununua viazi. Pale kuna malori yanayoshusha kabichi, karoti na hoho kutoka Lushoto usiku kucha. Asubuhi yanarudi. Yanarudi yakiwa matupu! Dereva mmoja nilipomuuliza angenichukulia bati mpaka Soni kwa kiasi gani, alitaja laki mbili na nusu, wakati Fuso ya kukodi kwenda na kurudi nilikuwa nimeambiwa laki tisa. Tangu siku hiyo, kila kizito au kirefu kilipanda na lori la mboga. Mkoa wowote unaolisha Dar una malori ya namna hiyo, iwe unatoa ndizi, viazi au vitunguu. Nenda sokoni alfajiri, ongea na dereva mwenyewe, siyo na mpiga debe, chukua namba ya gari na ya simu, na mtu wako awe anasubiri kule na daftari la kupokelea. Bati zihesabiwe zikipanda na zihesabiwe zikishuka.

Baada ya hapo, sifa za gari tulilolihitaji zikabadilika kabisa. Gari letu lingebeba watu watatu au wanne, zana, na vitu vinavyovunjika au kuibika. Uzito wa kilo 300 hivi. Liende mbali bila kula mafuta sana, lipande Mombo hadi Soni bila kuchemka, na lishuke hapo bila kuniua. Spea zake zipatikane Korogwe, si Dar peke yake.

Noah nilizitazama. Ni gari zuri la familia, mama angekaa kwa raha. Lakini injini ni ya lita mbili, na kwa mzigo na mlima sikutegemea zaidi ya kilomita kumi kwa lita. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 720, yaani lita 72. Kwa bei ya petroli ya wakati ule, shilingi elfu tatu na kidogo, hiyo ni zaidi ya laki mbili na kumi kila safari. Kirikuu ni rahisi na ni mkombozi wa mizigo ya mjini, ila injini ya cc 660 kwenye barabara ya Segera, huku basi la Arusha linakupita na upepo wake, hapana. Kuna jamaa wanaifanya safari hiyo. Wana moyo. Townace ya pikapu inabeba vizuri, lakini ina viti viwili au vitatu tu na mzigo wake uko wazi kwa mvua na kwa mikono ya watu kila unaposimama kula Korogwe.

Tukaishia Toyota Probox. Najua inavyochekwa. Ni gari lisilo na umbo la kujivunia, na dada yangu wa Mbeya aliniuliza kama nimeanza kusambaza mikate. Lakini liliundwa Japani kwa kazi za makampuni kuanzia mwaka 2002, na toleo la kibiashara limepimwa kubeba mzigo wa kilo 400 wakiwa ndani watu wawili, au kilo 250 wakiwa watano. Ukilaza kiti cha nyuma unapata sakafu bapa ya karibu mita 1.8. Sinki la choo linalala, ndoo za rangi zinasimama. Injini yake ya 1.5, ile 1NZ, iko pia kwenye magari mengine mengi ya Toyota yaliyojaa mitaani kwetu, kwa hiyo hata fundi wa chini ya mwembe Mombo anaifahamu. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, hivyo hakuna hofu ya mkanda kukatika njiani.

Hapa kuna mambo madogo ambayo madalali hawakuambii, pengine hawayajui. Probox si moja. Tazama kibati cha chesisi: ikiandikwa NCP51V ni ya mizigo yenye injini ya 1.5, NCP50V ni ya mizigo yenye injini ya 1.3, na mlima wa Soni ukiwa na watu wanne utaijua tofauti. NCP58G ni ile ya familia, ina kiti cha nyuma cha kistaarabu. NCP55V inavuta magurudumu yote manne. Nilitamani hiyo ya mwisho kwa sababu ya udongo mwekundu wa njia ya nyumbani wakati wa masika, nikaiacha: inakula zaidi, na vifaa vyake vya nyuma ni adimu. Badala yake tukakubaliana kwamba mvua ikikolea, gari linaachwa kwa jirani kando ya lami na mwendo uliobaki ni wa bodaboda. Ndivyo tulivyofanya, na halikuwa jambo la kulilia.

Jingine ni gia. Probox za otomatiki zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2014 zina gia nne za kawaida. Zilizofuata zina CVT, yaani gia zisizo na hatua. Sina ugomvi na CVT mjini. Ila kwa gari la mkononi ambalo hujui oili yake ya gia ilibadilishwa lini na kwa oili ipi, halafu unalipakia na kulipeleka mlimani, nilitaka ile ya zamani. Hilo liliamua pia kwamba tununue hapa hapa Bongo badala ya kuagiza. Magari ya kabla ya 2014 yalikuwa yanakaribia au yameshavuka miaka kumi, na gari likiwa na umri mkubwa hivyo TRA, mamlaka ya mapato, wanaongeza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Ingiza aina ya gari, mwaka na nchi litokako, kitakupa jumla ya kodi. Fanya hivyo kabla wakala hajakutajia bei ya "mpaka mkononi".

Niliangalia magari mengi, karibu yote namba D, na mengi niliyakataa ndani ya robo saa. Fundi wangu wa magari wa Tabata alinifundisha utaratibu wake nami nikaushika. Kwanza, mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna tabia ya gari likiwa baridi ambayo hataki uione. Liwashe mwenyewe, mtu mwingine akiwa nyuma anatazama moshi. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama mtindi ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Fungua rejeta likiwa bado baridi. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), jiulize limechemka mara ngapi.

Kisha mkanda wa kiti. Uvute wote mpaka mwisho. Magari yaliyozama kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi husafishwa vizuri, viti huoshwa, manukato hupulizwa, lakini mwisho wa mkanda hubaki na mstari wa tope. Nilikuta gari moja la namna hiyo, linang'aa kuliko yote, bei yake ikiwa chini kwa milioni mbili. Inua zulia la buti, toa tairi la spea, tazama kama bati la sakafu lina mikunjo au limechomelewa. Angalia bolti za boneti na za milango kama rangi yake imekwaruzwa na spana. Kilomita za kwenye dashibodi usizishike sana. Tazama raba ya pedali na usukani vilivyolika.

Mwisho, liendeshe mlimani. Dar ina vilima vya kutosha Goba na Makongo. Panda ukiwa umewasha kiyoyozi, watu watatu ndani. Ukifika juu, shuka ukiwa umeweka mkono wa gia kwenye 2, kisha L. Gari linapaswa kujizuia lenyewe kwa injini. Likiteleza tu kana kwamba liko D, au likistuka kwa kishindo, hilo si gari la kwenda Lushoto hata kama mjini linatembea vizuri. Gari nililolinunua lilishinda kipimo hiki. Dalali alikuwa akinung'unika nyuma kwamba namchosha.

Tulilichukua kwa milioni 9.8 kutoka kwa mtu binafsi, baada ya kupima kwa mashine. Karatasi zilichukua siku chache za subira. Hakikisha jina la kwenye kadi ya gari ndilo la anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Ukiambiwa kadi iko benki, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Wakati ule kila kosa lilikuwa shilingi 30,000 na zilijikusanya kimya kimya. Gari letu lilikuwa na deni, tukalikata kwenye bei. Ubadilishaji wa umiliki ufanyike mara moja, si "tutafanya wiki ijayo".

Pamoja na bei ya gari, tenga fungu la kulirudisha katika hali yake. Mimi nilitenga milioni moja na nusu, ikaisha yote na kidogo juu. Matairi ndiyo yaliyokula zaidi. Probox hii ya mizigo inataka matairi yenye alama ya LT, ya kubebea uzito, lakini wengi huifunga ya gari dogo kwa sababu ni ya bei nafuu. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nilikuta tairi zenye kashata (meno) nzuri kabisa zikiwa na miaka tisa. Baada ya hapo breki, mafuta ya breki mapya, shokapu za nyuma, bushi, oili zote, kulanti, betri. Bima ndogo ilikuwa shilingi 118,000 kwa gari binafsi.

Njiani nilizoea kupita Bagamoyo na kutokea Msata badala ya Chalinze. Barabara hiyo ya kilomita 64 haina malori mengi kama ile ya Morogoro, na kwa mtu anayebeba vigae, kutosimama simama ni faida. Kwenye vijiji shika 50, trafiki wa tochi wapo na wana subira kuliko wewe. Nikitoka saa kumi na moja alfajiri, saa tano niko Mombo nakunywa chai. Hapo mapumziko ni lazima, maana kinachofuata ni zaidi ya kilomita thelathini za kona hadi Lushoto mjini, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine. Kupanda ni kazi ya injini tu. Hofu yangu ilikuwa kushuka. Mara ya kwanza kushuka tukiwa tumejaza viazi na mapeasi mikono ilinitoka jasho, na fundi umeme aliyekaa mbele alikuwa amenyamaza kabisa. Weka 2, zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi), breki ziguswe kwa vipindi, usizikanyage mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha panapofaa uziache zipoe. Mzigo mzito usiuweke kwenye kerieri ya juu. Kona za Soni hazipendi gari lenye kichwa kizito.

Jambo jingine la kushuka: fundi akikuambia chukua vipande hivi vya mbao vilivyobaki, ukatengenezee meza Dar, vikatae. Mazao ya misitu yanasafirishwa kwa kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kwenye vizuizi hawaulizi kama ni mabaki ya nyumba ya mama yako.

Mapungufu ya gari hili yapo na sitayaficha. Kiti cha nyuma cha NCP51V ni benchi. Mgongo wake umesimama wima, mafundi walishuka Mombo wakijinyoosha na kulalamika, na mama hakuweza kukaa nyuma hata kwa mwendo wa kwenda kanisani. Likiwa tupu linaruka kwenye matuta. Kelele ya barabara inaingia ndani mpaka redio haina maana. Na kwa kuwa nyuma ni vioo vitupu, kila kilichomo kinaonekana. Tulinunua turubai jeusi la kufunikia, na tukila Korogwe mmoja alibaki ndani ya gari. Mafuta yalikuja kilomita 14 kwa lita, kwa hiyo safari nzima ilinigharimu kama laki moja na nusu.

Gharama ambayo haikuwa kwenye daftari lolote ni watu. Gari likishalala kijijini, ni la ukoo. Mjomba anaomba apelekwe Bumbuli hospitali, jirani ana magunia mawili ya kushusha sokoni Soni, binti wa mtu anarudi shule Korogwe. Wa hospitali sikumkataa hata mmoja, wala nisingeweza. Kwa mengine ilibidi mama mwenyewe aingilie kati. Aliwaambia kwa upole, "Gari hili linajenga nyumba yangu, likifa paa langu litabaki wazi," na kutoka kwake walilipokea, kutoka kwangu wangeniita mwenye maringo ya Dar.

Ndani ya familia nako palichemka. Kadi ilikuwa na jina langu, fedha zilikuwa za wote, na Jumamosi ambazo sikwenda Lushoto nilikuwa nalitumia gari Dar. Kaka akauliza, kwa haki, nani analipia kuchakaa kwake. Tulinuniana kwa karibu mwezi mzima. Mwishowe tuliandika karatasi ambayo ingefaa iandikwe siku ya kununua: mafuta ya safari za ujenzi yanatoka kwenye mfuko wa ujenzi, na risiti zinapigwa picha na kutumwa kwenye kundi letu la WhatsApp siku hiyo hiyo; matumizi yangu ya Dar nalipia mwenyewe; matengenezo ni nusu kwa nusu. Nyumba ikiisha, gari linathaminiwa na fundi asiye wetu, nami nina haki ya kwanza ya kuwalipa wenzangu mafungu yao, la sivyo linauzwa.

Nyumba iliisha, isipokuwa uzio. Fundi alilithamini gari milioni nane na nusu. Nimeshamlipa kaka fungu lake, dada wa Mbeya bado ananidai, naye amesema hataki fedha, anataka nimpelekee mapeasi msimu ukifika, kwa hilo hilo gari la mikate.